Nyuzi gani kwa gitari ya basi ya kanisa?



Mwaka huu wachungaji wenzangu wawili wamenipigia simu na kuniuliza swali moja: ile gitari ya basi ya kwenu Kinkondja mliifanya nini, hata wamama wanaimba na maneno yao yanasikika? Nilipojibu kwamba tulibadilisha nyuzi, wote wawili walinyamaza kidogo, kama watu wanaofikiri wamefichwa jambo. Sikuficha kitu. Ila jibu la simu ni fupi, tena inite zinakwisha, kwa hiyo nimeona heri niandike habari yote hapa, pamoja na kosa nililolifanya mwenyewe na ambalo liligharimu kanisa fedha.

Sisi ni kanisa la kando ya mto. Kinkondja iko kwenye Lualaba, karibu na ziwa Kisale, na washirika wetu wengi wanaishi kwa samaki. Umeme wetu ni pano za jua na betri. Siku za sikukuu tunawasha grupu. Tuna ampli moja ya basi na bafle mbili kwa ajili ya mikro za waimbaji. Gitari yenyewe ni ya nyuzi nne, tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Mpiga basi wetu ni kijana wa miaka ishirini na kitu, anayetega nyavu usiku na kuja ibadani asubuhi na vidole vyenye michubuko.

Shida ilianza polepole. Kwanza korali ya wamama ililalamika kwamba haijisikii. Tukapunguza sauti ya ampli. Kijana akaanza kupiga kwa nguvu zaidi ili ajisikie, na kelele zikaongezeka: tak-tak ya nyuzi zikigonga vyuma vya shingo, na mlio wa kukwaruza kila alipohamisha mkono. Katika baraza la wazee mzee mmoja akasimama, akasema, “Baba Pasta, Jumapili iliyopita nilisikia chuma, sikusikia wimbo.” Wengine wakaitika. Pendekezo lilikuwa gitari ifungwe katika sanduku mpaka tupate mpigaji mwingine. Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Kijana yule alirudi kanisani kwa sababu ya gitari ile. Tukimnyang'anya, tungemwona tena kwenye mazishi tu.

Niliomba baraza linipe miezi mitatu.

Mimi si mpiga gitari. Lakini wakati wa masomo ya teolojia nilikuwa na mwenzangu aliyepiga basi katika kapela ya shule, na bado tunasalimiana. Nilimpigia, nikamwomba kijana apige karibu na simu. Simu ndogo haiwezi kubeba sauti nzito, kwa hiyo yule ndugu hakusikia noti hata moja vizuri. Alisikia mikwaruzo na tak-tak tu. Akacheka. “Yaya, umenipa jibu tayari. Hizo ni nyuzi za waya mviringo, tena zimechakaa. Anazigonga kwa sababu hazina sauti tena. Msimfukuze mtoto, tafuteni nyuzi bapa.”

Sikujua kwamba kuna aina mbili. Nadhani wachungaji wengi hawajui, na hata wapigaji wetu wengi, kwa sababu madukani kwetu karibu kila pakiti ni ya aina moja.

Kila uzi wa basi una kiini cha waya wa chuma, na juu yake umezungushiwa waya mwingine. Ule wa nje unauongezea uzi uzito pasipo kuufanya mgumu kama msumari, na uzito ndio unaoshusha sauti. Uzi wa Mi, ulio mnene kuliko wote, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. La mara 55, Re mara 73, Sol mara 98. Mpaka hapo nyuzi zote ni ndugu. Tofauti iko katika umbo la waya ule wa nje. Kama ni mviringo, ukipitisha ukucha juu ya uzi unasikia milima na mabonde, kama kwenye meno ya skrubu. Kama ni utepe bapa uliolazwa ukingo kwa ukingo, ukucha unateleza kama juu ya kalamu ya Bic. Kwenye pakiti ya hizi za pili huandikwa Flatwound, na Wafaransa huandika filet plat. Zile za kwanza ni Roundwound, au filet rond. Mtu anayetumwa mjini aandikiwe maneno haya kwenye karatasi, maana muuzaji atamwambia kila pakiti ni nzuri.

Kutoka kwa umbo hilo yanatoka mambo mengine yote. Uzi mviringo unatoa sauti nzito pamoja na sauti nyingi ndogo za juu yake. Unang'aa, unalia kama chuma, na mlio wake unadumu. Uzi bapa una sauti ya chini iliyo imara na sauti chache za juu. Unasema “dum” kisha unanyamaza mapema. Mkono ukiteleza juu ya uzi mviringo unakwaruza; juu ya uzi bapa hausikiki. Na mabonde yale ya uzi mviringo yanajaa jasho, mafuta ya vidole na vumbi, hata baada ya muda mfupi mng'ao wake unakufa na mpigaji anaanza kuugonga. Uzi bapa hauna mabonde ya kujaa. Kuna wapiga basi wanaosema unakuwa mzuri zaidi ukizeeka, na baada ya miaka yetu hii mimi nakubali.

Sasa, kwa nini jambo hili liliwaumiza wamama wa korali? Hapa ndipo mambo yalinifungukia. Nilikuwa nafikiri sauti nzito ndiyo inayofunika waimbaji. Sivyo, au si hiyo peke yake. Sauti nzito ya Mi iko chini kabisa, mbali na sauti ya mama anayeimba. Kinachomfunika ni mikwaruzo na tak-tak, kwa sababu kelele hizo ziko juu, na huko juu ndiko sikio linakotafuta herufi kama s, t, k na ch. Mtu akikosa herufi hizo anasikia kwamba kuna wimbo, lakini hajui unasema nini. Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 14, alipotaka kueleza habari ya maneno yasiyofahamika, alitoa mfano wa filimbi na kinubi ambavyo sauti zake hazitofautiani. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi. Sikuwahi kufikiri inahusu pia gitari iliyo nyuma yangu.

Nimwambie mzee yeyote anayefikiri kwamba hizi nyuzi ni mtindo mpya: ndizo za zamani. Leo Fender alipoanza kuuza basi yake ya umeme huko California mwaka 1951, nyuzi zake zilikuwa bapa, na kwa miaka kumi na zaidi ndivyo basi ilivyosikika duniani. Nyuzi mviringo za basi zilipata nguvu katikati ya miaka ya 1960, Rotosound ya Uingereza ilipozitengeneza pamoja na John Entwistle wa kundi la The Who, aliyetaka basi yake ilie kama piano. Vijana wa roki walizipenda, kisha wengine wote. Lakini James Jamerson, aliyepiga basi katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alibaki na nyuzi bapa nene za La Bella, tena hakuzibadilisha mpaka moja ikatike. Alipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kuume. Alifariki mwaka 1983, na hata leo wapiga basi wa dunia nzima wanajifunza kwake.

Nasi Katanga tulikuwa na basi kabla ya gitari ya basi. Wanaokumbuka gitari kavu za Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, wanajua kidole gumba kilivyofanya kazi ya chini huku kidole kingine kikiimba juu. Baadhi ya wazee wetu wa kanisa walikatazwa kuzisikiliza, na sasa wanazikumbuka kuliko sisi. Nilipomweleza mzee wetu kwamba nyuzi bapa zinatoa sauti kama ya kidole gumba kile, fupi na ya mviringo, alitabasamu kwa mara ya kwanza katika jambo hili zima.

Hata hivyo sitaki mtu akimbie kununua kabla ya kutazama alicho nacho. Nyuzi bapa hazifai kila kanisa.

Kama basi yenu inapita katika baragumu la bati, lile linalofungwa juu ya paa kuita watu, msibadilishe. Baragumu halitoi sauti za chini hata kidogo. Linachopitisha ni zile sauti ndogo za juu, na nyuzi bapa zinazo chache. Mtaweka nyuzi za bei na basi itatoweka kabisa. Hali ni karibu hiyo hiyo kwa ampli ndogo ya mazoezi yenye spika ya inchi 8: Mi ya chini haiwezi kuitoa vizuri, na sikio huwa linaikisia kwa kusikia zile za juu yake. Sisi ampli yetu ina spika ya inchi 15, ya zamani lakini nzima, kwa hiyo tulikuwa na mahali pa kuanzia. Wenye spika ndogo na waliokwisha kununua nyuzi bapa, ongezeni kidogo sauti za kati kwenye ampli na msiongeze za chini. Kuongeza za chini kutaipasua spika pasipo kuwaletea noti.

Tena kuna sebene. Tusijifanye hatuijui, katika sifa za makanisa yetu ipo, na vijana wanaipenda. Mpigaji anayetaka basi inayoruka na kuvuta nyuzi kwa kidole hatafurahi na nyuzi bapa. Kijana wetu alisikitika mwezi wa kwanza. Aliniambia basi imekuwa kama mtu aliyekula sana. Nilimjibu kwamba kanisa letu lina nyimbo ishirini za utulivu kwa sebene moja, na kwamba basi yake itabeba wamama wote ishirini na wanane wa korali. Hakuridhika siku ile. Nadhani alikuwa na haki kidogo, na sikumwambia.

Kwa wale wanaoona nyuzi bapa zinawafaa, haya ndiyo ya kuangalia.

Pimeni kwanza urefu wa gitari, kutoka kizingiti kidogo cha juu ya shingo mpaka daraja. Basi ya kawaida ina sentimita 86 hivi, na pakiti yake inaandikwa Long Scale. Ile fupi ina sentimita 76, Short Scale. Mkiweka nyuzi za basi fupi kwenye ndefu, ile sehemu nyembamba ya mwisho wa uzi inaweza kuanguka juu ya shingo badala ya kufika kwenye funguo, na fedha imekwenda. Kamba ya nguo na rula ya mtoto wa shule zinatosha kupima, lakini pimeni kabla mtu hajapanda mtumbwi kwenda Bukama.

Halafu unene. Namba za pakiti ni sehemu za elfu za inchi. Seti iliyoandikwa 45, 65, 80, 100 ina uzi wa Sol wa milimita 1.1 hivi na uzi wa Mi wa milimita 2.5. Hiyo inatosha kanisa. Ziko nene zaidi, kama zile za Jamerson zilizofika 110 kwa Mi, lakini nyuzi bapa kwa kawaida ni ngumu kuliko mviringo za unene ule ule, na zile nene zinachosha mkono wa kushoto na kuivuta shingo. Msishawishike na wazo kwamba nene ni imara. Nyuzi nne za unene wa kawaida zikikazwa zinavuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80, kama vile mtu mzima ananing'inia juu yake mchana na usiku.

Majina ya kutafuta? D'Addario wana zinazoitwa Chromes, hizi zina mng'ao kidogo kuliko bapa nyingine, na ndizo ningempa kijana anayelilia sebene. La Bella ni nzito na nyeusi kwa sauti. Thomastik-Infeld wa Vienna hutengeneza nyuzi bapa laini sana kwa mkono, zenye mvuto mdogo, lakini bei yake inaumiza. Rotosound nao wanazo. Kuna pia aina za katikati: waya mviringo uliosagwa juu mpaka ukawa nusu bapa, na nyuzi zilizovikwa utepe mweusi wa nailoni. Sijaishi nazo, ninazitaja ili muuzaji asiwachanganye.

Kwa habari ya nailoni, kuna jambo lililotokea kwetu ambalo watu wa ziwa watalielewa. Kabla ya haya yote, uzi wa Sol ulikatika, na vijana wakafunga uzi wa kuvulia samaki, ule mnene. Kwa mkono ulitoa sauti kidogo. Kwenye ampli, kimya kabisa. Walifungua ampli, wakafunga, wakabadilisha kebo, mmoja akasema ni jaribu. Lakini mikro zilizo chini ya nyuzi za basi ya umeme ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na sumaku haioni nailoni. Inaona chuma tu. Zile nyuzi nyeusi za nailoni za dukani zinafanya kazi kwa sababu ndani yake kuna kiini cha chuma. Siku nyingine walifunga waya wa breki ya baiskeli, na huo ulilia, kwa maana ni chuma. Ila haukukubali kukaa katika tuni na ulianza kula vyuma vya shingo. Ninasimulia kwa heshima. Wababa wetu walipiga gitari kwa nyaya za breki na Mungu alisifiwa. Mimi ningependa tu vyuma vya shingo vibaki.

Sasa fedha, maana hapo ndipo baraza lilipokaa muda mrefu zaidi. Sisi tulikuwa tunanunua nyuzi mviringo za bei nafuu mara mbili kwa mwaka, dola 15 kila mara, pamoja na nauli ya anayezileta, na miezi mingi katikati tulikuwa tunapiga nyuzi zilizokufa. Nyuzi bapa tulizozipata Lubumbashi zilitugharimu dola 60. Mhazini wetu, mama mwenye hesabu kali, alisema maneno haya: “Dola 60 ni nyavu.” Ni kweli. Niliwaonyesha kwamba katika miaka miwili tunatumia dola 60 zile zile kwa nyuzi zinazokufa, na kwamba hizi, zikitunzwa, zitapita miaka hiyo. Walikubali kwa kura, si wote. Fedha ilitoka katika sadaka ya shukrani ya msimu wa samaki, nami niliahidi mbele yao kwamba sitaomba tena kwa ajili ya basi katika muda huo.

Ndipo nikaharibu.

Nyuzi zilifika kwa treni mpaka Bukama na kwa mtumbwi wa motore mpaka kwetu, katika mfuko wa nailoni, kavu kabisa. Kijana alikuwa ziwani. Mimi, kwa haraka ya kutaka kuona, nilitoa nyuzi zote nne za zamani kwa mara moja, nikapima ule mpya wa Mi, nikaona ni mrefu mno, nikaukata kwa koleo kabla ya kuukunja. Sikujua. Ule utepe wa nje umeshikwa kwa kuzungushwa tu. Ukikata uzi bapa ungali umenyooka, utepe unaweza kulegea juu ya kiini na kuanza kufunguka, na uzi unakufa pale pale. Mi yetu mpya ilitoa sauti kama mtu anayegonga gunia la unga. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili ile tulipiga nyuzi tatu mpya na Mi ya zamani, na nikalazimika kusimama mbele ya baraza na kusema kwamba aliyeharibu si kijana, ni mchungaji. Nyuzi za basi ni shida kuzipata moja moja. Tulingoja wiki tisa, na Mi ile ya pili niliilipa mwenyewe.

Kwa hiyo shikeni sana utaratibu huu. Ondoa uzi mmoja, weka mmoja, ndipo uende kwa mwingine, ili shingo isiachiliwe mvuto wote kwa ghafula. Vuta uzi mpya unyooke mpaka kwenye funguo yake, uache urefu wa ziada wa kama sentimita 10. Halafu ukunje kwa nguvu mahali utakapokata, kona kamili kama ya mlango, ndipo ukate mbele ya kona ile. Kona ndiyo inayoushika utepe. Ingiza ncha katika tundu la funguo, zungusha mara mbili au tatu ukishuka chini, basi. Na kama gitari yenu inaruhusu nyuzi kupita ndani ya mwili wake kwa nyuma, msizipitishe huko. Uzi bapa haupendi kukunjwa kwa ukali pale ambapo lazima utetemeke. Pitisheni kwenye daraja kwa juu.

Baada ya siku mbili tatu angalieni shingo, kwa sababu nyuzi mpya zitakuwa zimeivuta. Bonyeza uzi wa Mi kwenye chuma cha kwanza na chuma cha mwisho kwa pamoja, kisha tazama katikati, karibu na chuma cha saba au cha nane. Panatakiwa nafasi ndogo sana, kama karatasi tatu za daftari. Ikipita hapo sana, shingo imejikunja. Nyuzi zitakuwa juu na mkono utateseka. Ikikosekana kabisa, nyuzi zitagonga vyuma, na mtarudi kwenye tak-tak ile ile mliyoikimbia. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma yenye kichwa cha kuzungushwa kwa ufunguo mdogo. Kuelekea upande wa kukaza inanyoosha shingo, upande wa kulegeza inaiachia. Robo ya mzunguko tu kwa siku. Asiyekuwa na ufunguo wa kipimo kile asijaribu kwa koleo. Mimi nimekwisha kuwaambia koleo langu lilifanya nini.

Mwisho wa kazi hiyo ni kulinganisha sauti ya uzi mtupu na ya chuma cha 12, ambayo lazima iwe ile ile, oktavu moja juu. Ikiwa chuma cha 12 kiko juu kidogo, rudisha kitako cha uzi nyuma kwenye daraja. Ikiwa kiko chini, kilete mbele. Kijana wetu ana sikio zuri, alimaliza kwa nusu saa. Ampli ikiwa na betri kidogo, fanyeni kwanza bila ampli, kwa kuweka sikio juu ya mwili wa gitari.

Utunzaji ni mdogo. Kitambaa kikavu cha pamba kipite kila uzi baada ya kila ibada, hasa hapa kwetu ambapo hewa ya ziwa ina unyevu na mikono inatoka kwenye samaki. Vijana wengi wanajua mbinu ya kuchemsha nyuzi katika sufuria ili zirudie kulia. Kwa nyuzi mviringo inasaidia kwa siku chache, maana mafuta na uchafu vinatoka katika mabonde, ingawa kila kutoa na kurudisha kunauchosha uzi. Nyuzi bapa msizichemshe. Hakuna mabonde ya kusafisha, na mng'ao mnaoutafuta hawakuutia tangu mwanzo.

Nyuzi zetu sasa zina mwaka wa tatu. Vidole vya kijana vimepona ule upande wa kuume, kwa maana utepe haumkwaruzi. Mkono wa kushoto ulimwuma wiki chache kwa ugumu wa nyuzi, ukazoea. Ampli tunaiweka chini kuliko zamani na bado inasikika mpaka mlangoni. Wamama wanaimba, na mgeni aketiye nyuma anafahamu maneno.

Mzee yule aliyesikia chuma bado anasema basi ina sauti kubwa mno. Juma lililopita alikuja kuniambia hivyo tena baada ya ibada, kisha akauliza kama mjukuu wake, mwenye miaka kumi na miwili, anaweza kukaa karibu na mpiga basi siku za mazoezi. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa, nikamwambia, na mtoto aje na kitambaa chake.